Nilirudisha pesa kwa woga: je, ule ulikuwa wema?

Msomaji mmoja wa Buguruni, mama wa watoto wawili anayepika na kuuza chakula karibu na soko, ameniandikia barua ndefu ambayo naifupisha hapa kwa idhini yake.

"Shikamoo Mwalimu. Mwezi uliopita kwenye simu yangu iliingia shilingi 185,000 kutoka kwa mtu nisiyemjua. Baada ya dakika chache akapiga kijana, akasema amekosea tarakimu moja ya namba, na pesa hiyo ni ya matibabu ya mama yake aliyelazwa Lindi. Nikadhani ni matapeli, nikakata simu. Nilipoangalia salio nikakuta pesa imeingia kweli. Nilikaa nayo siku mbili na usingizi haukuja, maana nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu. Siku ya tatu nikaenda kwa wakala, tukapiga simu huduma kwa wateja, pesa ikarudi kwa mwenyewe. Majirani wamenisifu, hata shehe wetu amenitaja. Lakini mume wangu ameniambia, 'Umerudisha kwa sababu laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Usingeogopa kukamatwa, usingerudisha.' Mwalimu, nimejichunguza na nimeona ana ukweli. Niliogopa, na waliponisifu nilifurahi. Je, nilichofanya ni wema? Yupo mtu duniani anayetenda wema bila woga wala kutafuta sifa? Kama hayupo, huu wema tunaowafundisha watoto ni kitu gani? Wakati mwingine naona afadhali nisingefanya kuliko kufanya kwa unafiki."

Marahaba, binti yangu. Barua yako imebeba maswali matatu, na nimeisoma mara kadhaa kabla ya kuona kwamba yakijibiwa kwa mkupuo mmoja hakuna litakalojibika. Moja linakuhusu wewe: kama woga na kupenda sifa vilikuwemo moyoni, tendo lilikuwa jema au halikuwa. La pili linamhusu binadamu yeyote: kama tumeumbwa hivi kwamba kila tulifanyalo tunajifanyia wenyewe, hata pale tunapodhani tunamfanyia mwingine. La tatu hukuliuliza, umelitamka tu mwishoni kana kwamba limekwisha kuamuliwa, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote: kwamba ni afadhali kuacha jambo jema kuliko kulifanya kwa nia iliyochanganyika.

Nianze na mumeo, ambaye simlaumu, kwa sababu hoja aliyoitoa ina umri wa miaka ipatayo 2,400 na imewasumbua watu wenye akili kubwa. Huko Athens, mwanafalsafa Plato aliandika mazungumzo ambamo kijana aitwaye Glaucon anasimulia habari za mchungaji wa nchi ya Lydia. Baada ya tetemeko la ardhi mchungaji huyo aliona ufa, akashuka ndani yake, akakuta farasi wa shaba aliye mtupu ndani, na ndani ya farasi maiti iliyovaa pete ya dhahabu. Akaichukua. Akaja kugundua kwamba akikigeuza kito cha pete kuelekea kiganjani haonekani na mtu, na akikirudisha anaonekana tena. Kwa pete hiyo aliingia katika nyumba ya mfalme, akalala na malkia, akamwua mfalme na kuutwaa ufalme. Glaucon anauliza: tukiwa na pete mbili za namna hiyo, moja tumvishe mwadilifu na nyingine dhalimu, je, tutaona tofauti yoyote kati yao? Anajibu, kwa niaba ya wengi, kwamba hatutaiona, kwa kuwa watu hushika haki pale tu wanapoonekana.

Mumeo amekueleza jambo hilohilo kwa mazingira yetu. Pete ya mchungaji ilikuwa kidoleni ikimficha. Alama ya kidole chako inakufichua. Tangu Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, namba ya simu imekuwa na jina la mtu nyuma yake, na pesa ikihama kutoka namba moja kwenda nyingine inaacha nyayo. Wewe, kwa maneno ya Glaucon, umevuliwa pete, na mtu aliyevuliwa pete akishika haki hatuwezi kumsifu upesi.

Lakini angalia anachodai kukijua. Anasema usingeogopa, usingerudisha. Huyo mama asiyeogopa, mwenye laini isiyo na jina, hajawahi kuishi Buguruni wala kwingineko. Ni wewe mwingine ambaye mumeo amemtunga na kisha akamhukumu. Kwamba woga ulikuwepo ni kweli, umekiri mwenyewe, ila kuwepo kwake hakuthibitishi kwamba ndio ulioamua. Duka likiwa na mlinzi mlangoni na mwenye duka akiwa ndani, mwizi asipoingia hatuwezi kusema ni mlinzi peke yake aliyemzuia. Moyo wako usiku ule ulikuwa na walinzi kadhaa, na woga ulikuwa mmoja wao.

Tena, jambo hili la watu wasioonekana limewahi kupimwa. Mwaka 2019 watafiti wanne walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika miji 355 ya nchi 40, ambako pochi zaidi ya 17,000 zilipelekwa kwenye mapokezi ya benki, hoteli, posta, vituo vya polisi na mahali pengine pa namna hiyo. Mletaji alijifanya ameiokota njiani, akamwachia mhudumu na kuondoka. Ndani ya pochi mlikuwa na kadi zenye jina na anwani ya barua pepe ya "mwenye mali", orodha ya vitu vya kununua sokoni, na ufunguo. Nyingine zilikuwa na pesa, nyingine hazikuwa nazo. Aliyepokea hakuwa na sababu kubwa ya kuogopa, kwa maana angeweza kuitia mfukoni na habari ikaishia hapo. Pochi zisizo na pesa, wahudumu waliwatafuta wenyewe kwa takribani asilimia 40. Zenye pesa, kwa asilimia 51. Katika nchi tatu, Marekani, Uingereza na Poland, walijaribu kuongeza kiasi kikawa kikubwa hasa, na hapo waliorudisha wakafika asilimia 72. Hata wachumi walioombwa kutabiri matokeo hawakutarajia hivyo.

Sitaki kukupamba ukweli, kwa sababu matokeo hayohayo yanaonyesha pia kwamba watu wengi sana hawakurudisha. Kinachonigusa zaidi ni ule ufunguo. Katika nchi hizo tatu watafiti walilinganisha pochi zenye ufunguo na zisizo nao, na zenye ufunguo zikarudishwa zaidi. Ufunguo wa nyumba nisiyoijua haunifai kitu mimi niliyeuokota. Unamfaa mmoja tu, yule aliyesimama mlangoni kwake akipapasa mifuko. Watu wale, bila mtu wa kuwaona, walimfikiria huyo.

Najua mumeo, kama ni mbishi wa kweli, hataishia hapo. Atasema: sawa, hawakuogopa polisi, lakini walirudisha ili wajisikie vizuri, na kujisikia vizuri nako ni faida. Hapa amepata mwenzake mkubwa. Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, alionekana siku moja akimpa sadaka mzee maskini barabarani huko London. Rafiki yake John Aubrey ameandika kwamba kasisi aliyekuwa karibu alimwuliza kama angetoa lau Kristo asingeamuru. Hobbes akajibu kwamba angetoa, kwa kuwa kuitazama dhiki ya yule mzee kulimwumiza, na sadaka ile, kwa kumpunguzia mzee shida, ilimtuliza na yeye. Wengi wakiisikia hadithi hii hutikisa kichwa na kusema, basi, kumbe hata huruma ni biashara.

Hapo ndipo ninapokuomba utulie kidogo, kwa sababu hoja hii imeshinda watu wengi isivyostahili. Aliyeijibu vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Joseph Butler, kasisi ambaye baadaye alikuwa askofu, katika mahubiri aliyoyachapisha mwaka 1726. Wewe unauza chakula, kwa hiyo nitalieleza jibu lake kwa chungu chako mwenyewe. Jioni umefunga biashara na kimebaki kipande kimoja cha samaki. Una njaa. Unampa mwanao, unamtazama akila hadi anauchezea mwiba mdomoni, nawe unafurahi. Mfuasi wa Hobbes atasema umeinunua furaha kwa kipande cha samaki. Mwulize furaha hiyo imetoka wapi. Ungekuwa humjali mtoto, kumwona akila kusingekufurahisha hata kidogo, kama ambavyo huruki kwa furaha ukiona mteja wa jirani yako akishiba. Kumjali kulitangulia, furaha ikafuata nyuma kama harufu inavyofuata chungu kikifunuliwa. Anayesema ulimlisha ili ufurahi amekigeuza kichwa kuwa miguu. Vivyo hivyo Hobbes: dhiki ya mzee ilimwumiza kwa sababu alikuwa anamjali tayari. Mtu asiyejali hana maumivu ya kutuliza, anapita zake.

Kosa linajificha kwenye neno "yangu". Kila ninachokitaka, kukitaka ni kwangu, maana siwezi kutaka kwa moyo wa mtu mwingine. Kutoka hapo watu wanaruka hadi kusema kwamba ninachokitaka nacho ni mimi. Kiu ni yangu, lakini kiu inataka maji. Shauku ya kumwona yule mgonjwa wa Lindi akipata dawa, ikiwa ulikuwa nayo, ilikuwa yako, na iliyemlenga ni yeye.

Ulikuwa nayo? Umeandika kwamba kwa siku mbili usingizi haukuja, na unalihesabu jambo hilo kuwa ushahidi dhidi yako. Yawezekana ulikuwa woga tu, na wewe peke yako ndiye unayejua kama ulichokiona gizani kilikuwa pingu au kitanda cha hospitali. Ninachoweza kusema ni kwamba katika barua yako kamili umemtaja yule mama mara tatu kabla hujafika kwenye habari ya alama za vidole.

Niruhusu nikusimulie jambo nililoliona kwa macho yangu Manzese, karibu na daraja la waenda kwa miguu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, watu wamejaa kituoni, na kijana mmoja alikuwa anapita akiuza sigara na karanga, sinia mkono mmoja na sarafu akizichezesha kwenye kiganja cha mkono mwingine ili wateja wamsikie. Mtoto wa miaka mitatu hivi aliuponyoka mkono wa mama yake akifuata puto, na puto likaelekea kwenye njia ya mwendokasi, na basi lilikuwa linakuja. Sikuuona mwendo wenyewe wa yule kijana. Nilichosikia ni sinia likianguka, kisha nikamwona amemshika mtoto ukosi wa shati na basi limeshapita likipiga honi. Mama alikuja analia, akamkumbatia mtoto, akasahau hata kushukuru. Kijana hakumtazama sana. Aliinama akaanza kuokota sigara, moja moja, akizipangusa kwenye suruali, mikono ikimtetemeka. Karanga aliziacha kwa sababu zilikuwa zimekwisha kusambaa kwenye lami. Sigara zilizokanyagwa alizihesabu, akazitia kwenye mfuko wa nailoni, akaondoka.

Mwanafalsafa wa China, Mengzi, aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, alitumia mfano unaofanana na huu ajabu: mtoto anayekaribia kutumbukia kisimani. Alisema yeyote atakayemwona atashtuka, na mshtuko huo hautokani na kutaka kujipendekeza kwa wazazi, wala kutafuta sifa kwa majirani na marafiki, wala kukerwa na kilio. Ona jinsi alivyozitaja na kuziondoa sababu zilezile unazojishtaki nazo, moja baada ya nyingine. Hakudai kwamba kila mtu ni mwema. Alidai kwamba ndani ya kila mtu ipo mbegu, na mbegu isipotunzwa hufa. Yule kijana wa Manzese, kwa jinsi nilivyomwona, hakuwa na nafasi ya kupiga hesabu ya faida. Alichokuwa na nafasi ya kuhesabu ni hasara, tena baadaye. Basi kwa swali lako la pili jibu langu ni kwamba ndiyo, wapo, na huenda umepishana nao leo asubuhi.

Lakini siwezi kukuweka wewe na yeye kwenye mizani moja bila kukudanganya. Yeye alikuwa na mtoto mbele ya macho. Wewe ulikuwa na namba ya simu, sauti ya mtu usiyemjua, na kodi ya miezi mitatu. Huruma ya ghafla huamshwa na uso, na uso haukuwepo. Tendo lako lilikuwa la polepole, la kuamua, na matendo ya kuamua huwa na kelele nyingi ndani yake: woga, hesabu, aibu, dini, jirani atasemaje, mwanangu akijua itakuwaje. Sijawahi kukutana na mtu mzima aliyeamua jambo zito kwa sababu moja tupu.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliutazama mchanganyiko huo kwa ukali. Katika kitabu cha mwaka 1785 alitoa mfano wa mwenye duka anayemwuzia kila mtu kwa bei moja, hata mtoto akitumwa dukani hapunjwi. Lakini anafanya hivyo kwa sababu uaminifu unaleta wateja. Kant anasema tendo hilo linalingana na wajibu, ila halina thamani ya kimaadili, kwa kuwa halikufanywa kwa ajili ya wajibu. Mtu aliyezoea Kariakoo, ambako bei ya kitenge inaweza kupanda muuzaji akishasikia lafudhi ya mgeni kutoka mkoani, angemshukuru mwenye duka wa Kant bila kumwuliza nia yake. Mimi namheshimu Kant kuliko wengi, lakini nadhani hapa shukrani ya mnunuzi nayo ina haki yake. Tunapouliza "je, ni wema?" tunauliza mambo mawili. Moja ni kama mtu mwingine ametendewa inavyostahili, na kwa upande wa kijana yule jibu ni ndiyo, pesa yake imerudi yote, wala haikurudi nusu kwa sababu nia yako ilikuwa nusu. Jingine ni kama mtendaji amekomaa, na hilo ni jambo la miaka, halipimwi kwa muamala mmoja. Unafiki ni kujifanya unacho usichokuwa nacho. Wewe hukujifanya, na hata baada ya sifa zote umeandika barua ya kujishtaki.

Kant huyohuyo anakiri jambo ambalo wanaomnukuu husahau: kwamba hata tukijichunguza kwa makali kiasi gani, hatuwezi kuwa na hakika kwamba kujipenda hakukujificha nyuma ya tendo letu lililo bora kabisa. Jicho linaona kila kitu isipokuwa lenyewe. Nakuomba ulipokee hili kama ruhusa ya kuacha kuchimba mahali ambapo hakuna mwisho.

Shehe wako bila shaka amewafundisha kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, na wewe umelielewa hilo kuwa hukumu juu ya kila hisia iliyopita moyoni. Sidhani kwamba nia ni hisia. Nia ni kule unakoelekea. Mtu anayekwenda Ubungo kupanda basi la mkoani anaweza kuwa na njaa, hasira na usingizi, lakini nia yake ni safari. Ulipotoka nyumbani siku ya tatu kwenda kwa wakala, ulikuwa na woga, na ulikuwa unakwenda kumrudishia mtu mali yake. Kuhusu kauli yako kwamba afadhali usingefanya, wachamungu wa Kiislamu wameukataa mtego huo siku nyingi. Kutoka kwa al-Fudhail bin Iyadh, wa karne ya 8, inanukuliwa kwamba kuliacha tendo kwa ajili ya watu ni riya, yaani kujionyesha, na kulifanya kwa ajili ya watu ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Wengi hukumbuka nusu ya pili, ilhali wewe unaihitaji ya kwanza. Anayeacha wema kwa kuogopa asionekane mnafiki bado ameyaweka macho ya watu mbele. Ameyageuza upande tu.

Umeuliza pia wema tunaowafundisha watoto ni kitu gani. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alisema tunakuwa waadilifu kwa kutenda yaliyo ya haki, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Mtoto hutoa shikamoo mara ya kwanza kwa kuogopa kukemewa, na akifika ukubwani huitoa kwa heshima, bila kujua ni siku gani hasa woga uligeuka heshima. Hatumwiti mnafiki kwa sababu ya zile siku za mwanzo. Tena wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa miezi 18 humwinulia mtu mzima kitu kilichomdondoka, bila kuahidiwa chochote; na mwaka 2008, kwamba watoto wa miezi 20 waliozoeshwa kupewa zawadi kwa msaada wao walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma. Kwa hiyo raha uliyoipata majirani walipokusifu si dhambi, ila usiigeuze kuwa chakula cha kila siku, na wanao usiwazoeshe kulipwa kwa kila wema.

Lugha yetu ina hekima katika jambo hili. Tukikosea husema, "mimi ni binadamu", tukimaanisha kwamba udhaifu tumezaliwa nao. Tukitaka kumsifu mtu husema ana utu, na tukimlaumu husema hana utu, ingawa ni mtu mwenye mikono na miguu kama sisi. Wazee wetu, kwa kulitoa neno utu ndani ya neno mtu na kisha kukubali kwamba mtu anaweza kuukosa, walikuwa wamekwisha kujibu ubishi wa Glaucon kwa njia yao: utu haupimwi kwa kuuliza tumezaliwa na nini, unapimwa kwa jinsi tunavyowatendea wengine. "Mtu ni watu", nao hawakuongeza sharti la moyo mtupu usio na woga.

Sasa nikuambie ninaloona ni kosa lako, kwa sababu lipo, na hakuna aliyelitaja, hata mumeo. Kukata simu mara ya kwanza halikuwa kosa. Katika mji huu ambako kila siku tunapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mama anayejilinda ana haki, na kupitia kwa wakala na huduma kwa wateja badala ya kutuma tu kwenye namba uliyotajiwa kulikuwa kwa busara. Lakini tahadhari ilikwisha ulipoangalia salio ukakuta pesa imeingia kweli. Kuanzia saa ile hadi siku ya tatu haikuwa tahadhari tena. Zilikuwa siku mbili za mgonjwa aliyelala wodini na za kijana asiyejua amwambie mama yake nini. Naelewa kodi ya miezi mitatu ilivyo. Nimewahi kudaiwa, najua mlango unavyogongwa. Hata hivyo siku zile zilikuwa za watu wengine, na hazikuwa zako kuzitumia kushindana na nafsi yako.

Ndiyo maana nadhani swali la nia limekuelekeza upande usio wenyewe. Nimeirudia barua yako yote jana usiku. Yule mama wa Lindi yumo mwanzoni, anatajwa mara tatu, na nilipokuwa nasoma nilikuwa namwona. Kisha pesa inarudi, na baada ya sentensi hiyo hatajwi tena. Wanaingia mumeo, majirani, shehe, alama za vidole, na wewe mwenyewe, kurasa mbili nzima. Hukuandika kama alipata dawa. Hukuandika kama bado amelazwa au amerudi nyumbani. Kijana alikupigia kwa namba yake mwenyewe, kwa hiyo bado imo kwenye simu yako.